Kisanduku Kilichozimwa Kila Ijumaa

Oraba, Jumatano, 4 Juni 2025

Siraji,

Salaam alaykum. Natumaini u mzima na kifua chako hakikusumbui. Huku tunaendelea. Binti yangu Sumayah alijifungua salama kule Yumbe, mtoto wa kike, na nilikaa naye wiki mbili nikimkanda. Hizo ndizo habari njema. Nimezitanguliza ili isisemwe kwamba adabu imenitoka, maana kwa yanayofuata sijiamini.

Jana niliitwa Koboko mjini, kwenye ofisi ya shirika linaloendesha zahanati yetu. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, Mzee Draku, hakunipa hata kiti. Alinisukumia karatasi akasema, "Mama Sumayah, hii ripoti iko nasema wewe nazima ile kisanduku ya friji kila Ijumaa. Miezi ine! Wewe nazima-zima mpaka naharibika. Sasa chanjo mia sita naoza. Watu iko nauliza, hizi chanjo kweli naoza, ao navuka daraja nakwenda Kaya, Sudan?"

Umesikia? Mimi Hawah binti Tahiru, miaka kumi na tisa nachoma watoto sindano hapa mpakani, leo ni mwizi wa chanjo.

Kisanduku chenyewe unakijua kuliko mimi. Ni kile ambacho kampuni yenu ilituletea mwanzoni mwa Januari, cha kupima baridi ya friji na kupiga king'ora joto likipanda. King'ora hakikulia. Jumatatu ya tarehe 12 Mei, nikiwa Yumbe, waya wa sola wa friji ulikatika. Mwenzangu Yakani kila akiingia anaona taa ya kijani na namba nne, anatoka ameridhika. Siku tatu namba ni nne ileile. Alhamisi alipofungua friji chupa zilikuwa vuguvugu mkononi mwake.

Nikaisoma ripoti mpaka mwisho. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, nikaona sahihi yako. Ile S yenye mkia niliyokufundisha mimi, kwa kijiti, uani kwa mama.

Hukupiga simu. Hukuja. Hukuuliza. Umekaa Onduparaka ukaandika "mtumishi wa zahanati" mara sita, nimezihesabu, kana kwamba ni mtu aliyekukanyaga sokoni na hujui anatoka wapi. Nimesimamishwa kazi. Kikao cha kuamua kama nafukuzwa ni Alhamisi, tarehe 10 Julai.

Idi ni keshokutwa. Usije kula kwangu. Simu nimekuzuia. Ukiwa na neno, andika, umpe Severino wa lori la sukari, ndiye aliyekuletea hii. Ulinipiga kwa karatasi, basi tuendelee na karatasi.

Mtumishi wa zahanati


Onduparaka, Arua, Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Hawah,

Wa alaykum salaam. Hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze. Mimi ni mzima, ila Idi niliila peke yangu, wali wa kununua, na haukushuka.

Dada, nisikilize kwanza. Nilijua ni wewe. Sitakudanganya kwa hilo. Ndiyo maana nikaandika "mtumishi". Hapa ofisini wote wanajua dada yangu yuko Oraba, na ningeandika kwa upole wangesema namkinga ndugu. Nikaona niandike yale tu ambayo mashine imerekodi, nisiongeze wala nisipunguze.

Rekodi inaonyesha umeme wa kisanduku ulikatwa kila Ijumaa, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kwa sekunde arobaini hivi. Ijumaa kumi na tano mfululizo. Huo ni mkono wa mtu, dada. Na juu ya kisanduku kuna stika nyekundu imeandikwa USIZIME. Kitu cha mwisho kilichorekodiwa kabla hakijaganda ni kwamba kumbukumbu imejaa, yaani ile nafasi ambayo kompyuta inaitumia kufanyia kazi zake. Maoni yangu ni kwamba kuzimwa ghafla kuliharibu mafaili, na mafaili mabovu yakaijaza.

Mezani kwangu kuna kisanduku pacha na chako. Kimekaa siku hamsini na nane bila kuguswa, na hakijawahi kukwama hata dakika moja. Mashine haina chuki na mtu. Kama ulikuwa na sababu ya kuzima, niambie niiandike kwenye nyongeza. Ukikiri mapema, kamati itakuonea huruma.

Wasalimie wote, na umbusu mtoto.

Mdogo wako, Siraji


Oraba, Ijumaa, 13 Juni 2025

Siraji,

Salaam. Huku watu ni wazima, hata mbuzi wa Yakani ni wazima. Nimemaliza salamu.

Nikiri? Nikiri nini? Na hiyo huruma mwambie Mzee Draku ampelekee mke wake, mimi sikuiomba.

Ungeniuliza, ningekuambia hivi. Mlikifunga kisanduku tarehe 2 Januari. Tarehe 11 nikaingia chumba cha friji nikaona kinasema nne, lakini kipimajoto changu cha kioo, kile cha zamani ninachokificha nyuma ya chupa kwa sababu sikuamini kitu kisichoweza kuvunjika, kinasema saba. Nikasubiri. Kioo kikashuka, kikapanda. Kisanduku kikabaki nne. Nikachomoa waya, nikarudisha, kikaamka kikasema sita, sawa na kioo. Jumatatu tarehe 13 nikapiga namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Binti akaniambia niandike ujumbe. Nikaandika, kwa jina langu na namba yangu. Mpaka leo hakuna aliyejibu. Tarehe 20 kikaganda tena.

Nikasema moyoni, kama kinalala siku ya tisa, basi nitakiamsha siku ya saba. Kila Ijumaa, kabla sijaenda kuswali, nafunga mlango, nachomoa waya, nasema Subhanallah mara thelathini na tatu, narudisha. Hizo ndizo sekunde zako arobaini. Hukuzitambua? Nani alikukalisha miguuni kwake akakufundisha kuhesabu tasbihi kwa vidole, mpaka ukawa unahesabu hata kuku?

Wiki kumi na tano friji ile ililindwa na kidole changu. Stika mlileta Machi, nikaisoma, nikaendelea, kwa sababu stika haijawahi kumchanja mtoto. Nilipokwenda Yumbe nilimwambia Yakani, "Ijumaa zima, kisha washa." Yeye akaitazama stika akaogopa. Niliporudi alikuwa analia. "Dada, ile karatasi nyekundu nasema hapana. Mimi ni mutu ya kufuata sheria." Ijumaa ya tarehe 9 Mei hakikuzimwa. Jumapili kikalala. Jumatatu waya ukakatika. Piga hesabu mwenyewe, wewe msomi.

Na usiniletee habari za pacha wako wa mezani. Huyo amekaa Arua mbele ya feni, anasalimiana na minara ya simu ya Uganda peke yake, kazi yake nini? Njoo naye huku. Huku hata simu zetu hazijui ziko nchi gani. Nikikaa kibarazani inaniambia karibu Sudan Kusini, nikiinuka kunywa maji inanirudisha Uganda, nikikohoa imevuka tena. Mlete akae hapa siku tisa, ndipo uniambie mashine haina chuki na mtu.

Halafu unaandika eti kumbukumbu imejaa, eti unadhani ni mafaili. Unadhani! Mtu anafukuzwa kazi kwa "nadhani"! Kama nafasi inaazimwa humo ndani na hairudi, mnashindwaje kujua nani ameichukua? Mama yetu Rabia aliazimisha sinia zake kwenye kila harusi ya Koboko, na alikufa bila kupoteza hata moja. Kwa nini? Kwa sababu kila sinia lilikuwa na nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha chini yake. Harusi ikiisha anaingia jikoni kwa watu, anapindua sinia moja moja, haogopi uso wa mtu. Nyinyi na digrii zenu hamjui kupindua sinia.

Mtumishi wa zahanati, aliyesimamishwa


Onduparaka, Jumanne, 17 Juni 2025

Dada Hawah,

Salaam alaykum, na Mungu akupe afya. Barua yako nimeisoma mara nne. Sijibu mengi kwa sababu naogopa ninachokifikiria.

Naomba kitu kimoja tu. Chagua siku moja, tangu alfajiri mpaka isha, uhesabu simu yako inahama mara ngapi kutoka mtandao wa Uganda kwenda wa ng'ambo. Na Yakani aiweke yake kwenye chumba cha friji, naye ahesabu. Nitukane baada ya kumaliza.

Mdogo wako


Oraba, Ijumaa, 20 Juni 2025

Siraji,

Salaam. Wazima.

Umenifukuzisha kazi, sasa umenipa nyingine ya kuhesabu minara. Nimehesabu jana kutwa, kwa tasbihi, nimekaa kibarazani. Yangu mara mia moja arobaini na mbili. Ya Yakani, kwenye chumba cha friji, mia moja thelathini na nane. Majirani wanaamini nimeingia uradi wa kuomba kazi irudi, na mmoja ameniletea uji.

Matusi nimeyaweka. Sema unachokifikiria.

Hawah


Onduparaka, Jumatatu, 30 Juni 2025

Dada yangu Hawah,

Salaam alaykum. Sina uso wa kukuuliza hali yako, lakini nakuuliza. Mimi mwili ni mzima.

Ni mimi, dada. Kosa ni langu, nimeliandika kwa mkono wangu.

Ndani ya kisanduku kuna programu ya chini kabisa ambayo zingine zote zimekaa juu yake. Tunaiita kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu: mwenye kuhitaji nafasi anaazima kwake, akimaliza anarudisha. Sehemu ya kiini inayosalimiana na minara ya simu niliiandika mimi mwaka juzi. Kila kisanduku kinapouona mnara kinaazima nafasi kidogo ya kuandikia salamu. Mnara ukiitikia, nafasi inarudishwa. Mnara ukikataa, inatakiwa irudishwe vilevile, na hapo ndipo niliposahau. Laini ya kisanduku hairuhusiwi kwenye mnara wa ng'ambo. Kwa hiyo kila kikihamia huko kinakataliwa, na kila kikikataliwa sinia moja halirudi. Mara mia moja arobaini kwa siku. Siku ya tisa kabati ni tupu, na kisanduku kinaganda na namba yake ya mwisho usoni. Hapa Arua hakuna wa kukikataa, kwa hiyo pacha wake angekaa mwaka mzima anapendeza. Nimezaliwa mpakani, nikaandika kana kwamba mpaka haupo.

Nililipata kwa njia ya mama. Kila nafasi inayoazimwa niliitia alama ya aliyeiazima. Kisha nikakidanganya kisanduku cha mezani kwamba kinakataliwa, mara elfu moja na mia tatu mfululizo. Kiliganda kabla sijamaliza chai. Nikapindua sinia, na zote zilizopotea zilikuwa na alama yangu. Kulitibu kulihitaji mistari miwili. Miwili tu. Tangu Jumatano nimekikatalia kisanduku mara laki moja na hakijapungukiwa na kitu.

Nilitafuta pia ujumbe wako wa tarehe 13 Januari. Ulifika kwangu. Niliufunga baada ya dakika mbili, nikaandika "hapa Arua tatizo halionekani". Jina la aliyetuma sikulisoma.

Mkuu wangu wa kazi amefurahi kwamba tumetibu. Lakini anasema dawa itumwe kimyakimya Agosti, pamoja na marekebisho mengine, na ripoti ibaki ilivyo. Zahanati nyingine thelathini zina visanduku hivi, na hataki maswali. Amenikataza kuandika lolote kwa kamati.

Lakini kuna jambo nimeweza kulifanya. Sisi tunaoandika kiini tuna desturi, kila marekebisho yanabeba jina la mtu aliyeligundua kosa. Chini ya mistari yangu miwili nimeandika: Aliyeripoti, Hawah Tahiru, Oraba. Kiini hiki hakina mwenyewe, waandishi wa mashine dunia nzima wanashirikiana kukiandika, kwa hiyo watalisoma, na halifutiki. Naomba likufariji, na uwe na subira kidogo.

Mdogo wako, Siraji


Oraba, Alhamisi, 3 Julai 2025

Siraji,

Salaam. Mtoto wa Sumayah amepewa jina Rabia. Nilitaka ulijue, ingawa sikujua kama unastahili kuambiwa.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilipofika pale kosa ni lako, hasira ilinishuka. Mtu akiazima akasahau kurudisha ni binadamu, na umesema mwenyewe bila kufinywa. Nilipofika pale pa ujumbe wangu, dakika mbili, ikanipanda tena. Lakini hili la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Umeliandika jina langu ndani ya mashine, walione wasomi wa Japani. Na hapa Koboko, mezani kwa Mzee Draku, mimi bado ni mharibifu na mwizi. Nani wa Oraba anasoma kiini, Siraji? Juzi mama mmoja amevuka kutoka Kaya na mtoto mgongoni, akamuuliza Yakani dirishani, nami nimesimama palepale, "Ule mama mwizi ya chanjo, banafukuza yeye?" Huyo anasoma kiini? Alikuwa amemfunika mtoto uso nisimguse. Mtoto wake wa kwanza nilimchanja mimi.

Eti subira! Wiki nne umekaa unapindua sinia za kisanduku, na ripoti yako hujaigusa. Mashine umeitibu kwanza. Ilikuwa na haraka gani, ilikuwa inalia? Na sasa mkuu wako anataka dawa ije Agosti, kimya, ili siku kisanduku kitakapopona waseme, mnaona, tangu tumfukuze yule mama kinafanya kazi vizuri.

Hilo ulilifikiria? Najua hukulifikiria. Nisome tena taratibu: kisanduku kikipona na mimi nimeondoka, uongo wako unakuwa ukweli.

Sitaki uje kwenye kikao. Ukija utasema vizuri, unajua kusema, watatikisa vichwa, na wiki ijayo wamesahau. Uliniharibia kwa karatasi, nitengenezee kwa karatasi. Sahihi ileile yenye mkia. Uliponiita mtumishi mara sita, weka jina langu mara sita. Na isomwe kwa sauti mbele ya walewale waliosikia nikiitwa mwizi. Kama kazi yako ni tamu kuliko hilo, baki nayo, na Idi zote zilizobaki ule wali wa kununua.

Mtumishi wa zahanati


Onduparaka, Jumatatu, 7 Julai 2025

Dada,

Salaam alaykum. Rabia mdogo mbusu kwa ajili yangu.

Sikulifikiria. Umesema kweli.

Nakala iko nyuma ya karatasi hii. Yenyewe Severino atampa Mzee Draku mkononi, na hataondoka mpaka asainiwe. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo, Yakani aiingize ubavuni mwa kisanduku, ndiyo dawa. Sikusubiri Agosti wala sikuomba ruhusa.

Mdogo wako, Siraji

Nakala: Kwa Kamati ya Nidhamu, Koboko

Mimi, Siraji Tahiru, nafuta ripoti yangu ya tarehe 28 Mei. Kila namba iliyomo ni sahihi, na ripoti nzima ni uongo.

Hawah Tahiru hakuharibu kisanduku. Kisanduku kilikuwa na kosa nililoliandika mimi, linalotokea mpakani na lisilotokea Arua. Hawah Tahiru aliligundua siku tisa baada ya kisanduku kufungwa, na tarehe 13 Januari Hawah Tahiru aliliripoti kwa maandishi. Niliufunga ujumbe wake bila kusoma jina. Kwa wiki kumi na tano Hawah Tahiru alizuia madhara ya kosa langu kwa kuzima na kuwasha kila Ijumaa, na katika wiki hizo haikuharibika chupa hata moja. Chanjo ziliharibika baada ya Ijumaa ya kwanza ambayo kisanduku hakikuzimwa. Stika ya USIZIME niliitunga mimi.

Hawah Tahiru aliyajua haya yote na angeyasema angeulizwa. Sikumuuliza. Hawah Tahiru ni dada yangu. Nilificha hilo ili nionekane mwadilifu, na huo ndio udhalimu nilioufanya.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya wote waliosikia ile ya kwanza.


Oraba, Ijumaa, 25 Julai 2025

Mdogo wangu Siraji,

Salaam alaykum wa rahmatullah. Hujambo? Kifua chako kikoje? Unakula nini siku hizi? Sisi hatujambo kabisa. Rabia ananenepa, na ameanza kumtazama mtu usoni kama anamdai jibu, kwa hiyo ni wa kwetu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka siku ya tisa ipite kwanza.

Kikao kilikaa. Mzee Draku alitaka kuisoma barua yako kimya kisha aipitishe. Nikasimama. Nikasema imeandikwa isomwe kwa sauti. Akasoma. Anasoma polepole, huyu mzee, na kila akifika kwenye jina langu anakohoa. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole. Alipofika la sita, akasoma kwamba mimi ni dada yako, akavua miwani. Na mimi nililia, nakwambia wazi, nililia mbele yao na wala sikujifuta.

Kisha akaniambia, "Mama Sumayah, sisi iko narudisha wewe kazi, kuanzia kesho. Lakini stika ilikuwa nasema usizime, na wewe nazima. Hapa iko onyo kidogo, saini tu, mambo naisha." Siraji, damu ilinipanda upya! Nikamwambia sisaini. Nikamwambia onyo hilo alipeleke kwa aliyeitunga stika, naye ameshakiri. Nikamwambia Yakani aliitii stika na chanjo mia sita zikaoza, mimi sikuitii na watoto wakachanjwa, basi wachague wanataka mtumishi gani. Karatasi ile bado iko mezani kwao haina sahihi, na mimi niko kazini. Yule mama wa Kaya alirudi Jumanne. Yakani alikuwa amemsimulia. Alimfunua mtoto uso akanipa.

Kadi yako Yakani aliiingiza Ijumaa tarehe 11. Wiki ya kwanza Ijumaa ilipofika mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye waya. Nikauzuia. Nikasema tasbihi zangu thelathini na tatu nimekitazama tu. Siku ya tisa nililala macho wazi. Siku ya kumi kisanduku kilisema tano na kioo kikasema tano. Leo ni siku ya kumi na nne, na hakuna mkono uliokigusa.

Nimekigusa mimi tu, mara moja. Nilikipindua nikakitia nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha chini yake, ili ijulikane kimetoka nyumba gani.

Sasa tuje kwenye lingine. Severino ameniambia wamekusimamisha kazi. Wewe hukuniandikia, na hilo tutagombana baadaye. Jana ikafika barua ya kampuni yenu kwa Mzee Draku, akanionyesha. Wanasema kisanduku hakijawahi kuwa na hitilafu yoyote, na kwamba barua ile iliandikwa na "mtumishi mmoja" bila idhini. Mtumishi mmoja! Nimeitazama karatasi pande zote mbili nikitafuta jina lako. Halimo hata mara moja.

Nimeomba ruhusa ya Jumatatu. Nakuja Arua na daftari langu la friji, Ijumaa zote kumi na tano zimo, na kipimajoto cha kioo, na ile nakala yako. Mkuu wako wa kazi awe na kiti cha kunipa, maana safari hii sisimami. Nina swali moja tu la kumuuliza, anitajie jina la huyo mtumishi mmoja na la mama yake.

Simu nimekufungulia. Nikiwa kibarazani usipige, nitakuwa Sudan Kusini. Pika mwenyewe.

Dada yako,
Hawah